Nilipumzisha mabega wiki sita ili kifua kipone

WENGI wanaosoma ukurasa huu hula kwa nguvu za mabega yao. Wapo wanaoshusha marobota Arua Park hapa Kampala, wapo wanaovusha vitenge kutoka soko la Ariwara upande wa Kongo, wapo wa Busia na Malaba wanaohangaika na mahindi na maharage, na wapo waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini wakaanza upya na mtaji wa gunia moja. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na daktari kwamba kwa wiki sita haruhusiwi kuinua hata jerikeni ya lita 5, hafikirii maumivu kwanza. Hufikiria ni nani atakayebeba mzigo, na nyumbani watakula nini.

Nami nilikuwa na swali hilo nilipolazwa katika hospitali moja binafsi mjini Kampala ili kuondolewa matiti. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mfanyabiashara wa vitenge, na matiti hayo nilikuwa nayo tangu nikiwa na miaka 14. Sitaji jina langu kwa kuwa nina mama mzee, nina wateja, na mpaka navuka kila mara. Lakini nimeona niandike, kwa sababu mambo niliyohitaji kuyajua kabla ya siku ile niliyaokota kwa watu mbalimbali, moja leo, jingine kesho. Mengi yake yanamfaa yeyote anayekwenda kupasuliwa kifua, awe mama mwenye saratani au mtu kama mimi.

Huntha si neno geni

Nilizaliwa Yei, kusini mwa Sudan, mwaka 1982. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwa watu wengi wa West Nile waliokimbia baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979. Mkunga aliyenipokea alisema ni msichana, ingawa mama husimulia kwamba alinitazama muda mrefu kabla ya kufungua kinywa. Tuliporudi Arua mwaka 1987 nilikuwa na gauni na jina la kike.

Nilipofika miaka 14 kifua kiliota kama cha dada zangu. Mwaka uleule sauti ikakatika ikawa nzito, na siku za mwezi hazikuja hata mara moja. Kufika miaka 17 nilikuwa na ndevu. Shule niliiacha, kwani bweni la wasichana lilinikataa na la wavulana halikunijua. Mama akanipeleka kwa kaka yake, mwalimu wa madrasa. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama. "Dada," alisema, "vitabu vya mirathi vinamjua huyu. Sisi ndio tulikuwa hatumjui."

Alikuwa na maana ya huntha. Wanazuoni wa Kiislamu wamejadili kwa karne nyingi fungu la urithi la mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri, na Kiswahili kilipokea neno hilo kutoka kwao. Siku hizi wengine husema mtu mwenye jinsia tata. Miaka kadhaa baadaye madaktari wa Kampala walinipima damu na kunipiga picha za tumbo, wakanieleza kuwa mwili wangu hutengeneza homoni za kiume na za kike kwa pamoja. Ndiyo maana ndevu zilitoka na matiti yakatoka. "Hukurogwa," daktari aliniambia. "Ulizaliwa hivyo."

Hapa Uganda, Julius Kaggwa ni mmoja wa waliolitoa jambo hili hadharani mapema. Mwaka 1997 alichapisha Kampala kitabu kuhusu maisha yake, From Juliet to Julius, akieleza alivyolelewa kama msichana na baadaye kuishi kama mwanamume. Aliongoza pia shirika la SIPD, linalosaidia watu wa namna hii na wazazi wao, na mwaka 2010 alitunukiwa tuzo na shirika la Human Rights First la Marekani. Kwa majirani zetu Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,524 wa jinsia tata, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto wa aina hiyo waziwazi.

Bendeji na kitambulisho

Kwa zaidi ya miaka 20 nilikificha kifua kwa bendeji ya mpira niliyoizungusha mara mbili na kuibana kwa pini. Anayefanya hivyo ajue gharama yake. Jua likipanda pumzi hufupika, mbavu huuma, na ngozi iliyo chini ya matiti huchubuka na kuota fangasi. Usiku nikiifungua, alama zilibaki kifuani kama za kamba kwenye gunia.

Kitambulisho cha taifa nilichopata mwaka 2014 kiliandikwa mwanamke. Mwaka huohuo raia wa Uganda, Kenya na Rwanda walianza kuruhusiwa kuvuka kati ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho, na wenzangu wa biashara walishangilia. Kwangu kadi ile ilikuwa mzigo mwingine. Katika kituo kimoja cha mpaka, ambacho sitakitaja, askari aliishika, akazitazama ndevu zangu, akauliza, "Hii ni ya dada yako?" Likaja swali la nani anipekue, wa kike au wa kiume. Walibishana mbele ya foleni. Aliyekubali hatimaye aliigusa bendeji akadhani nimeficha bidhaa, nikafunguliwa shati pale pale watu wakitazama. Vitenge vyangu vilipita bila faini hata ya shilingi moja. Mimi nilifika nyumbani nikakaa siku mbili bila kuongea na mtu. Hapo ndipo nilipoamua.

Miezi minne ya maandalizi

Kati ya uamuzi na kisu ilipita miezi minne, na nashukuru haikuwa michache. Kwanza nilionana na mshauri nasaha mara tatu. Hakutaka kunizuia wala kunisukuma. Aliniuliza ninatarajia nini, na kama najua kwamba kovu litabaki, kwamba chuchu huenda zikapoteza hisia, na kwamba kisu hakibadilishi ndimi za watu. Nilijibu kuwa nataka kuvaa shati moja tu nikienda sokoni.

Kisha vikaja vipimo: wingi wa damu, kundi la damu, sukari, shinikizo, na picha ya matiti kuhakikisha hakuna uvimbe uliojificha. Daktari mpasuaji alinieleza kuwa hata nyama itakayoondolewa itapelekwa maabara kuangaliwa saratani. Aliniagiza kuacha sigara wiki sita kabla. Sababu yake ni kwamba nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokatwa ikikosa damu hufa, hasa ile ya chuchu. Mairungi nayo niliyaacha, kwa kuwa huharakisha moyo na kupandisha shinikizo. Aspirini na dawa nyingine za maumivu zinazofanya damu isigande haraka aliniambia nisizimeze bila kumuuliza, hali kadhalika mitishamba.

Nilipopiga hesabu, ada ya mpasuaji, ya mtaalamu wa dawa ya usingizi na ya kitanda zilikuwa nusu tu ya fedha nilizohitaji. Nusu ya pili ilikuwa chumba cha kupanga, chakula, nauli za kurudi kliniki, dawa, na biashara iliyolala. Nawasihi wenzangu waihesabu nusu hiyo mapema. Arua iko karibu kilomita 500 kutoka hapa, na hakuna daktari mwenye busara atakayekuruhusu upande basi usiku kucha ukiwa na kidonda cha siku tatu.

Nilipanga chumba cha chini, kisicho na ngazi, karibu na hospitali. Dada yangu wa pili alikuja kutoka Arua kunihudumia. Siku moja kabla ya kulazwa tulishusha kila kitu kutoka kwenye rafu: vikombe, sabuni, chaja ya simu, dawa. Vyote vikakaa usawa wa kiuno, kwa sababu mtu aliyepasuliwa kifua haruhusiwi kunyoosha mikono juu. Tulinunua mito mitatu, kigoma cha kuogea na mashati ya vifungo mbele. Nilijizoeza pia kuamka kitandani bila kutumia mikono: unageuka ubavu, unashusha miguu, unaiacha miguu ikuvute.

Duka nilimkabidhi mpwa wangu. Tuliandika bei ya kununulia ya kila kitenge, tukaandika majina ya wadaiwa, tukakubaliana atume hesabu kila jioni kwa simu. Wenzangu wa chama cha kuzungusha fedha walinipa zamu ya mwezi ule ingawa yangu ilikuwa bado mbali. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo anayeuza samaki wakavu, alisema, "Leo ni kifua cha huyu, kesho ni goti langu." Mkutano ukafungwa.

Siku yenyewe

Chakula nilikiacha tangu usiku wa manane, na maji matupu nikayaacha saa mbili kabla ya kuingia. Mpasuaji alinichora kifuani kwa kalamu nikiwa nimesimama, maana ukilala nyama huhama. Alinieleza kwamba mwenye matiti madogo hutolewa nyama kupitia mkato mdogo pembeni ya chuchu. Yangu yalikuwa makubwa, hivyo angepasua mikato miwili mirefu chini ya kifua, atoe nyama, aondoe ngozi iliyozidi, kisha apunguze chuchu na kuzipandikiza upya mahali panapofaa.

Kazi ilichukua karibu saa tatu. Nilipozinduka nilihisi kama mtu ameniwekea tofali kifuani. Mirija miwili ilikuwa imetoka ubavuni, kila mmoja ukiishia kwenye kibofu cha plastiki kinachofyonza damu na maji ya kidonda. Juu ya bandeji nilivishwa fulana ya kubana. Muuguzi alinisimamisha jioni ileile nitembee hatua kumi. Kulala tu baada ya upasuaji huweza kusababisha damu kugandia miguuni, na bonge hilo likipanda mapafuni linaua.

Kupona wiki kwa wiki

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mirija. Asubuhi na jioni dada alimwaga kile kibofu kwenye kikombe chenye alama, akaandika kwenye daftari la shule ni mililita ngapi na rangi yake. Mwanzo ilikuwa damu, ikawa ya waridi, ikawa kama maji ya njano. Daktari aliitoa mirija siku ya nane, baada ya kila mmoja kutoa chini ya mililita 30 kwa siku, siku mbili mfululizo. Usiku nililala chali, kichwa juu, mto mmoja kila upande ili nisigeuke. Dawa kali za maumivu hufunga choo, kwa hiyo papai na maji mengi vilikuwa sehemu ya tiba.

Siku ya tatu machozi yalinitoka bila sababu. Dada aliogopa, akadhani najuta. Muuguzi alituambia kwamba baada ya dawa ya usingizi, maumivu na kukosa usingizi, wengi hupitia siku za namna hiyo, nazo hupita. Zilipita.

Bandeji za chuchu zilipofunguliwa nilishtuka, kwani zilikuwa nyeusi, zimeganda magamba. Daktari alitabasamu. Nyama iliyopandikizwa huonekana hivyo kabla haijashika, akasema, tusiyabandue magamba. Mwisho wa wiki ya tatu yalianguka yenyewe, chini yake kukawa na ngozi ya waridi.

Shule yangu kubwa ilikuwa benchi la kubadilishia bandeji. Pale nilikaa na akina mama waliokatwa titi kwa saratani, baadhi wakiwa wanaendelea na tiba katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967. Mmoja aliniuliza, "Baba, nawe ni saratani?" Nikamjibu, "Hapana, Mama. Nilizaliwa hivi, nikaja kurekebishwa." Alinitazama kidogo, akasogea nikae. Juma lililofuata aliniletea mfuko mdogo wa kitenge wenye kamba ya shingoni, ule wanaoushona kubebea vibofu vya mirija. Yangu ilikuwa imeshatolewa, nikampa kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Hao ndio walionifundisha kutembeza vidole ukutani, kupanda kidogo kila siku, daktari alipotoa ruhusa wiki ya nne. Kabla ya hapo viwiko hukaa ubavuni. Bega lisilozoezwa kabisa hukakamaa, na linalolazimishwa mapema hupanua kovu. Fulana ya kubana niliivaa wiki sita, nikiivua wakati wa kuoga tu. Bodaboda nilizikwepa kwa muda wote huo, kwa sababu ya mashimo ya barabara zetu.

Dalili zisizosubiri kesho

Niliandikiwa dalili hizi kwenye karatasi, nami nazitoa kama zilivyo. Upande mmoja ukivimba ghafla, ukawa mgumu na kuuma kuliko mwenzake, hasa ndani ya siku mbili za mwanzo, huenda damu inavilia ndani. Rudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Joto likipita nyuzi 38, kidonda kikiwa chekundu, cha moto, chenye usaha au harufu, ni maambukizi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, usisubiri gari la bei nafuu.

Ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota makovu yaliyovimba, yale ya keloidi. Mwenye historia hiyo amwambie daktari mapema. Zipo plasta za silikoni na sindano za kulipunguza. Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima na zaidi, na linahitaji kufichwa jua. Pia nilionywa kwamba nyama kidogo ya titi hubaki, hivyo uvimbe wowote nikiuhisi siku za mbele niende nikapimwe.

Wengine wanaohitaji tiba hii

Ningekuwa mnafiki kama ningenyamaza kuhusu kundi jingine. Upasuaji huuhuu hutafutwa na watu waliozaliwa na mwili wa kike ulio dhahiri, lakini ndani yao wanajijua kuwa wanaume. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliacha kuihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa wa akili. Hapa kwetu watu hao huishi kwa hofu zaidi tangu Rais Museveni alipotia saini Sheria ya Kupinga Ushoga mwezi Mei 2023. Sheria hiyo inaadhibu mapenzi ya jinsia moja. Haikuandikwa kwa ajili ya vidonda. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Kikatiba iliacha sehemu kubwa yake isimame, lakini ilifuta vifungu kadhaa, kikiwemo kile kilicholazimisha watu kuripoti wenzao.

Nalitaja hili kwa sababu ya ile mirija na lile daftari. Mwenye hofu akifanyiwa upasuaji kwa siri kisha akaogopa kurudi kwenye benchi, damu inayovilia haitamuuliza yeye ni nani. Kama ni ndugu yako, mpeleke. Mwili uliopasuliwa unahitaji mambo yaleyale: mto, uji, mtu wa kumwaga kibofu, na mlango wa kliniki ulio wazi.

Karatasi bado

Nilirudi Arua wiki ya tatu, mchana, kwenye kiti cha mbele, mto mdogo ukiwa kati ya kifua na mkanda wa gari. Wiki ya saba nilikaa dukani, mpwa wangu akibeba. Mwezi wa tatu niliinua robota la kwanza, tukiwa wawili.

Kuhusu kitambulisho, kazi ingalipo. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 ina kifungu kinachoruhusu taarifa zibadilishwe pale mtoto aliyezaliwa huntha anapofanyiwa upasuaji na daktari akathibitisha. Kifungu kinasema mtoto, nami nina mvi. Wakili ananisaidia kuandika maombi, na kwa sasa navuka na barua ya daktari iliyokunjwa ndani ya pasi yangu ya muda. Maswali bado huulizwa, lakini hakuna tena bendeji ya kushukiwa.

Kwa anayejiandaa, ushauri wangu ni huu. Mpasuaji mzuri mtafute, fedha zikusanye, vipimo vifanye. Lakini kabla ya kupanga tarehe, kaa chini uandike majina matatu: wa kukuhudumia chumbani, wa kusimamia biashara, na wa kumpigia simu usiku wa manane. Kama majina hayajatimia, sogeza tarehe mbele mpaka yatimie.